Aliye Hai Anaweza Kupigwa Picha

Mama Senkondo alifungua pindo la kanga, akatoa picha ya karatasi, akaiweka mezani kwangu na kuilainisha kwa kiganja. Tukainama wote wawili tukaitazama. Hapakuwa na kitu. Kijivu kitupu, kutoka pembe hadi pembe.

"Unamwona?" akaniuliza.

"Simwoni, mama."

"Hata wewe." Akashusha pumzi. "Hadi Jumapili nilikuwa namwona. Nimetoka kanisani, nikaitoa nimsalimie kama kawaida yangu, nakuta hivi. Nikasema haya ni macho. Nikaenda kliniki, yule binti akanipima, akasema, bibi, lenzi zako nzima kabisa, tatizo ni picha."

Kliniki haikumdanganya sana. Karatasi yenyewe ilikuwa nzima, na wino haukuwa umepauka. Ni sisi tuliozibwa. Kila picha yenye mwenyewe ina alama yake, kama mtu alivyo na alama za vidole, na hizi lenzi tulizowekewa machoni zinazijua alama zote. Kibali kikiisha, lenzi inafunika, na haijali picha iko kwenye skrini, ukutani au kwenye pindo la kanga ya bibi. Sheria ilipopitishwa tulisema hayo ni mambo ya mastaa na matajiri, yatatuhusu nini sisi watu wa Same. Loo, tulikuwa wajinga.

"Nani alimpiga hii?"

"Dada yake."

"Kwa simu ya nani?"

"Ya Senkondo mwenyewe."

Basi nikaelewa, na uchovu ukanipanda kuanzia miguuni. Kampuni ya Amana ilinunua maghala yote ambako simu zetu zilikuwa zinarundika picha za bure, na kila baada ya muda inakuletea masharti mapya ili ubonyeze "nakubali". Hakuna anayesoma. Unabonyeza, unaendelea na shughuli zako. Senkondo hakubonyeza kwa sababu Senkondo hayupo, na mama yake haruhusiwi kumbonyezea isipokuwa awe mrithi wake, na mrithi ni wa mtu aliyekufa. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga. Amana wakautungia msemo huo mashine.

"Nimeambiwa ninyi wa Kamusi mna dirisha," Mama Senkondo akasema. "Kwamba mkiamua, mtu anaonekana tena."

Dirisha lipo, ila ni dogo na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa nyuma yake ujana wangu wote. Kamusi Elezo ya Umma ndiyo mahali pekee ambapo picha yenye mwenyewe inaweza kuonekana bila kibali, ikiwa mtu atasimama na kuitetea. Anaitetea kwa maandishi, yanaitwa hoja. Unataja picha ni ya nani. Unaeleza kwa nini maneno peke yake hayatoshi. Unaapa kwamba umeipunguza hadi kuwa ndogo isiyofaa kuuzwa. Na juu ya yote unathibitisha kwamba haiwezekani kupata picha nyingine iliyo huru. Lazima iandikwe na binadamu, maana mashine ingeandika hoja milioni kabla chai haijapoa, na Amana waliliona hilo mapema. Ukishaandika, mashine yao inasoma. Tunaiita Mpekuzi. Haina hasira wala huruma, na haijawahi kuchelewa kazini.

Nilivuta ukurasa wa Senkondo Mshana. Alikuwa na makala nzuri, ndefu, ya mtu aliyefanya jambo. Ndiye aliyesuka nyavu za ukungu kule juu kwenye msitu wa mlima Shengena, zile zinazonasa mawingu yakipita na kuyageuza maji, na mabomba yanayoshuka hadi huku kwetu kwenye vumbi. Same nzima inakunywa jasho la huyo kijana. Pembeni mwa makala, mahali pa picha, palikuwa patupu.

Nikauliza kama ninavyouliza kila siku, bila hata kuinua macho. "Alifariki lini?"

Nilipoinua macho, uso wa yule mama ulikuwa umebadilika.

"Nani kakwambia amefariki?"

"Samahani, mama. Nimezoea tu kuuliza."

"Alipanda kutengeneza nyavu zilizochanika na upepo. Hajashuka. Kutoshuka siyo kufa. Droni za wilaya bado zinamtafuta, kila asubuhi nazisikia zikipita juu ya bati langu. Serikali inatafuta mtu aliyekufa?"

Misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita juu ya ule msitu. Mimi nilijua, na nadhani hata droni zilijua.

"Mama, nikueleze ukweli," nikasema. "Mtu akiwa hai, hoja haipiti. Kanuni inasema aliye hai anaweza kupigwa picha. Kwa hiyo picha huru inawezekana, kwa hiyo hii ya Amana haina sababu ya kutumika. Ndivyo ilivyo kwa wote, hata waziri. Wanaopita ni marehemu."

Akasonya, siyo kwangu, kwa dunia.

"Mwambie basi huyo anayesema anaweza kupigwa picha, apande yeye akampige."

* * *

Hoja ya kwanza niliiandika siku ile ile. Nilieleza kwamba mhusika hajulikani alipo, kwamba haiwezekani kwa mtu yeyote kumfikia, na kwamba kutaja nyavu za ukungu bila kumwonyesha aliyezisuka ni kuwanyima wasomaji. Ilikuwa hoja nzuri. Mpekuzi akairudisha kabla sijavuta kiti vizuri: *Imekataliwa. Mhusika anaweza kurudi.*

Nikacheka peke yangu. Katika wilaya nzima, waliokuwa wakiamini kwamba Senkondo atarudi walikuwa wawili tu, mama yake na Amana.

Elinihaki, bosi wangu, ambaye kwa umri ningeweza kumnyonyesha, alikuja akasimama nyuma yangu akasoma.

"Bi Nakijwa, si uandike marehemu iishe? Kila mtu anajua."

"Mama yake hajui."

"Mama yake anataka picha."

"Anataka picha ya mtu aliye hai, Elinihaki. Hilo ndilo tatizo."

Akatikisa kichwa. "Umebakiza mwezi huu tu ustaafu. Usijitafutie presha."

Alisema kweli. Nilikuwa nimechoka hoi, uchovu ambao hata usingizi hauugusi. Miaka yote ile nilikuwa nimetetea nyuso za watu: wakunga, magolikipa, wapiga ngoma, mwanamke wa kwanza kuendesha treni ya mizigo kwenye reli yetu. Kila uso niliubembeleza kwa sentensi zile zile hadi upite. Nilitaka kwenda kwangu nikalime maharage.

Lakini yule mama hakunitoka kichwani. Kesho yake nilifungua karatasi mpya, nikaandika tena kuanzia mwanzo, kwa ukali kidogo. Niliandika kwamba kumwambia mama wa mtu aliyepotea akampige picha mwanawe ni dhihaka, na sheria iliyotungwa na watu wenye akili haiwezi kukusudia dhihaka. Nikatuma nikijua itarudi.

*Imekubaliwa.*

Jamani! Nilipiga meza kwa kiganja hadi chai ikamwagika. Elinihaki akaja mbio akidhani nimeanguka. Mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, nilikuwa nimeibishia mashine kwa utu, ikanielewa. Hivyo ndivyo nilivyodhani, na naomba nisichekwe.

Nikampigia Mama Senkondo. Nilimwelekeza afungue Kamusi, atafute jina la mwanawe, ashuke kidogo. Nikasikia anahema. Kisha akacheka, cheko la msichana.

"Wamemfanya kadogo hivi! Kama stempu!"

"Ndiyo sheria, mama."

"Amekunja uso. Unaona? Hachekagi kwenye picha huyu, tangu mdogo. Na lile shati nilimkataza." Sauti ikakatika kidogo. "Masikio, Nakijwa. Nilikuwa nimeanza kuyasahau masikio yake. Mungu akubariki, mwanangu."

Nilikata simu nikalia. Sikulia kwa huzuni.

* * *

Asubuhi iliyofuata nilitoka kununua chapati. Nje ya uwanja wa wilaya lori lilikuwa limeegeshwa, na vijana wanapakia droni za utafutaji, zimekunjwa mabawa, zimefungwa kamba.

"Zinaenda matengenezo?" nikamuuliza dereva.

"Zinapelekwa Handeni, shangazi. Kuna watu wamepotelea porini kule. Hapa kazi imeisha."

"Imeishaje? Wamempata?"

"Wapi. Mfumo umefunga faili wenyewe jana. Kamusi inasema ni marehemu, na wao wanasoma Kamusi."

Sikununua chapati. Nilirudi ofisini nikikimbia, mwanamke wa umri wangu, upepo wa Same unanipiga mchanga usoni, nikafungua hoja yangu ile ya kujisifu. Maneno yangu ya utu yalikuwepo yote. Juu yake kulikuwa na kichwa cha habari ambacho sikukiandika mimi na sikukisoma: *Picha ya marehemu.*

Ni karatasi yetu wenyewe. Tuliitengeneza hivyo zamani ili kuokoa muda, kwa kuwa hoja za watu hazipiti ila kwa marehemu; ukifungua karatasi mpya ya picha ya mtu, neno limeshakaa pale linakusubiri. Hoja ya kwanza nilikuwa nimelifuta kwa uangalifu. Ya pili niliandika kwa hasira, na hasira haina macho. Mpekuzi hakusoma utu wala dhihaka. Alisoma kichwa cha habari, akaridhika, akapita.

Nilikuwa nimemuua mtoto wa watu kwa mazoea.

"Funga mlango," nikamwambia Elinihaki, nikamweleza. Alikaa chini polepole.

"Ukifuta," akasema, "unajua kinachofuata."

Nilijua. Hoja ni kiapo. Mtetezi akithibitika ameapa uongo, hata kwa bahati mbaya, hoja zake zote tangu aanze zinasimamishwa hadi ziandikwe upya, moja moja, kwa mkono wake. Kwa sharti hilo ndipo Amana walipokubali dirisha liwepo. Kila uso niliowahi kuutetea ungegeuka kijivu, na watu wangeamka wamkose baba yao.

"Iache," Elinihaki akasema. Hakuwa mkali, alikuwa akibembeleza. "Fikiria kwa hesabu ya kawaida, Bi Nakijwa. Upande huu mama mmoja, na picha yake ameipata, amefurahi. Upande ule familia chungu nzima. Na kusema kweli, mbele ya Mungu, wewe unaamini yule kijana yu hai?"

"Siamini."

"Kwa hiyo ulichoandika siyo uongo."

"Ni kweli ambayo siyo yangu kuisema."

"Hizo ni falsafa."

"Labda. Lakini droni zimepakiwa kwenye lori, na aliyezipakia ni mimi. Kama kuna asilimia ndogo ya kipuuzi kwamba yuko kule, amevunjika mguu, analishwa na watu wa msituni, sijui, mimi ndiye niliyemwambia asubiri bure."

Elinihaki akajipangusa uso. "Na ukienda kumwambia mama yake, yeye akisema iache?"

"Nitaiacha. Lakini atasema yeye."

* * *

Sikuwa wa kwanza kufika. Uani kwa Mama Senkondo vijana walikuwa wanasimika nguzo za turubai, wanawake wameshainjika masufuria mawili makubwa ya makande, na viti vya kanisa vinashushwa kwenye mkokoteni. Hakuna aliyewaita. Mtu akisomwa marehemu, Wapare hawangoji kadi ya mwaliko.

Mama mwenyewe alikuwa amekaa chumbani kitandani, kanga kichwani, wanawake wawili wamemshika mikono huku na huku. Aliponiona aliwasukuma, akasimama.

"Wamempata wapi?" akaniuliza. "Nakijwa, wewe utaniambia. Hawa kila mtu ananiambia pole, hakuna anayesema alipokutwa. Amekutwa kwenye maji? Alikuwa amevaa nini?"

Niliwaomba wale wanawake watupishe. Nikapiga magoti mbele yake.

"Hawajampata, mama. Hakuna aliyemwona. Ni mimi. Nilikosea kuandika."

Nikamweleza yote, la karatasi yetu, la kichwa cha habari, la Mpekuzi, la lori. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alininasa kibao. Hakikuwa cha nguvu, alikuwa mzee, lakini kilifika.

"Nimemlilia tangu alfajiri," akasema. "Nimemlilia mtu aliye hai."

"Nisamehe, mama."

"Tutasameheana baadaye. Sasa hivi unaweza kufanya nini?"

"Ninaweza kuifuta hoja. Nikiifuta, faili linafunguka, na droni zinarudi, hilo nimeuliza wilayani njiani. Lakini picha inaondoka. Na haitarudi tena mpaka..."

"Mpaka afe kweli."

"Ndiyo."

"Na wewe? Sura yako inasema kuna jingine."

Sikutaka kumwambia, isije ikawa namshinikiza. Akanibana hadi nikasema: kwamba nyuso zote nilizozitetea zitafungwa pamoja na ya mwanawe, na nitaziandika upya moja moja hadi nitakapokufa au kupofuka.

"Si ulisema unastaafu?"

"Nilisema."

Nje mtu alikuwa anapiga nguzo kwa jiwe. Mama Senkondo alichukua simu yake, akaifungua, akaisogeza karibu na uso, kisha mbali, kisha karibu tena. Alipitisha kidole juu ya ile picha ndogo, taratibu, paji la uso, pua, masikio. Midomo yake ilikuwa inatembea lakini sikusikia anachosema, na sikupaswa kusikia.

"Watu wa hao wengine," akasema bila kuinua macho, "wao wanajua wamewazika wapi wapendwa wao?"

"Wengi wanajua."

"Basi watavumilia. Mimi sina kaburi, nina mlima tu." Akanipa simu, uso wake akiwa ameugeuzia ukutani. "Toa. Sitaki kumwona akiondoka."

Nikafuta. Mpekuzi akaniuliza kama nina uhakika, maana hata yeye amefundishwa adabu hiyo. Nikasema ninao. Picha ikawa kijivu mkononi mwangu, na papo hapo simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni: ukurasa huu, ukurasa ule, huyu naye, na huyu. Niliizima. Walikuwa wengi, na niliwajua wote.

Mama Senkondo alijifunga kanga kiunoni, akatoka hadi mlangoni. Uani pakatulia.

"Kunjeni turubai," akawaambia. "Mwanangu hajafa. Ni makosa ya ofisi."

Watu wakaangaliana. Mzee mmoja alijaribu kusema, "Lakini dada, kwa kuwa tumeshafika..."

"Kwa kuwa mmeshafika mtakula. Makande yameiva, hayana kosa. Mkishakula mrudishe viti vya kanisa."

Wakala. Walikula kimya mwanzoni, kisha mmoja akasema mahindi yamekolea, mwingine akaomba chumvi, wakaendelea kama watu waliokuja kusalimia tu. Mimi nilikaa kizingitini nikiwa na sahani ambayo sikuigusa. Nilihisi uzito wa kila uso ambao ningeanza kuubembeleza kesho yake. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuona tofauti kati ya huzuni na njaa.

Mama Senkondo akaja akakaa kando yangu.

"Hebu niambie. Akishuka, kwa simu hii nampiga picha?"

"Kwa simu, hapana. Ukibonyeza tu, Amana wanayo."

"Kwa kitu gani basi?"

Nikaingiza mkono kwenye begi, nikatoa kamera ya ofisi, tunayowaazima wanaojitolea. Haiunganishwi na kitu chochote. Picha inayotoka humo ni ya aliyeipiga, na akisema ni ya wote, inakuwa ya wote, na hakuna lenzi itakayoifunika milele. Nikamweleza. Akaigeuza mkononi, akaipima uzito, akanusa ngozi ya mkanda wake.

"Naiacha kwako," nikasema.

"Nifundishe."

Nikamwonyesha pa kubonyeza, na kwamba jua liwe mgongoni kwake. Akasimama akanivuta mkono hadi kwenye ukuta wa mbele, penye mwanga mzuri wa alasiri, akanisimamisha pale. Alirudi nyuma hatua chache, akafumba jicho moja, akafumbua, akafumba la pili.

"Usicheke," akaniamuru. "Yeye hachekagi."

"Sicheki, mama."

"Na unyooke. Yeye ni mrefu, nikizoea wewe ulivyojikunja hivyo nitamkata kichwa."

Nikaegemeza mgongo ukutani, nikanyooka kadiri nilivyoweza, nikamsubiri apige.